Maswali ya Wasomaji: Mkono Huhisi Kabla ya Jicho

Barua tulizopokea safari hii zinahusu kwa kiasi kikubwa jambo moja, nalo ni kasi ya fremu katika michezo ya video inayochezwa kwenye konsoli. Kwa msomaji ambaye neno hili ni geni kwake, fremu ni picha moja kamili ambayo konsoli huichora na kuipeleka kwenye skrini. Picha hizo zikifuatana kwa haraka, jicho huziunganisha na kuona mwendo. Tumechagua barua tano, na ile ya kwanza tumeipa nafasi kubwa kuliko nyingine kwa sababu imegusa mzizi wa suala lenyewe.

Ndugu Mhariri,
*Mimi na kaka yangu tunatumia konsoli moja, na kila siku tunagombana juu ya mpangilio mmoja. Takriban kila mchezo mpya hutuuliza kama tunataka hali ya ubora wa picha, ambayo huenda kwa fremu 30 kwa sekunde, au hali ya utendaji, ambayo huenda kwa fremu 60. Kaka anasema kwamba jicho la binadamu haliwezi kuona zaidi ya fremu 24, ndiyo maana sinema hupigwa kwa kasi hiyo, na kwamba hizo 60 ni maneno ya wafanyabiashara. Mimi naiona tofauti lakini nashindwa kuieleza. Ni nani kati yetu aliye sahihi?*
*Mdogo Mtu*

Ndugu Mdogo Mtu, wewe ndiye uliye sahihi, ingawa kaka yako hakuiokota hoja yake hewani. Ni kweli kwamba sinema huenda kwa fremu 24 kwa sekunde. Kasi hiyo ilikubalika mwishoni mwa miaka ya 1920, filamu zilipoanza kuwa na sauti, kwa kuwa sauti iliyorekodiwa kwenye ukanda haikuvumilia mwendo unaobadilikabadilika, na fremu 24 zilitosha kuifanya sauti isikike vizuri bila kumaliza ukanda mwingi mno. Kwa hiyo namba hiyo ilitokana na masikio na mfuko wa mtengenezaji, wala haikupimwa kwenye mpaka wa jicho. Jicho halina kaunta inayokoma ikifika 24. Watu wengi hutambua tofauti kati ya fremu 30 na 60 mara tu wanapoonyeshwa zote mbili sambamba, na wapo wanaotambua hata tofauti ya 60 na 120.

Kwa nini basi sinema haituudhi? Kamera ya sinema huacha lango lake wazi kwa muda, kwa kawaida nusu ya muda wa kila fremu, na chochote kinachopita kwa kasi mbele yake huacha ukungu mwembamba ambao huiunganisha picha moja na inayofuata. Konsoli haina lango la namna hiyo. Huichora kila fremu kana kwamba wakati umesimama, kingo zote zikiwa kali, na hata michezo inayoongeza ukungu wa mwendo huuongeza kwa hesabu, baada ya picha kuchorwa. Chukua skrini ya 4K, yenye pikseli (yaani nukta zinazounda picha) 3,840 kwa upana, na gari linalokatiza kutoka upande mmoja hadi mwingine kwa sekunde moja. Kwa fremu 30, gari hilo huruka pikseli 128 kutoka picha moja hadi nyingine. Kwa fremu 60 huruka 64. Mruko wa kwanza huonekana kama msururu wa vivuli vya gari, wa pili huanza kuonekana kama gari linalokwenda.

Hata hivyo, hayo yote ni ya jicho, nami naamini kwamba jicho ndilo hutupotosha katika mjadala huu. Mtazamaji wa sinema haendeshi chochote. Wewe unaendesha. Ukibonyeza kitufe, konsoli hupokea amri, huhesabu matokeo yake, huchora picha mpya na kuituma kwenye runinga, na kazi hiyo kwa kawaida huchukua zaidi ya fremu moja. Fremu moja kwa kasi ya 30 hudumu milisekunde 33.3, kwa kasi ya 60 hudumu milisekunde 16.7. Mchezo unaohitaji fremu tatu ili kuitikia utakuchelewesha kwa milisekunde 100 katika hali ya kwanza na kwa milisekunde 50 katika hali ya pili, kabla hata hatujahesabu ucheleweshaji wa runinga yenyewe. Hiyo ndiyo tofauti unayoshindwa kuieleza: hukuiona, uliihisi. Mchezaji huisema kwa maneno kama “gari limekuwa zito” au “mchezaji wangu hanisikii,” na mtu aliyeketi pembeni akitazama tu haoni kasoro yoyote. Mwombe kaka yako ashike kidhibiti mwenyewe, acheze mashindano matatu ya magari kwa fremu 60, kisha arudi kwenye 30 bila kupumzika. Asipolalamika katika kona ya kwanza, tuandikieni tena.

Lakini tusimdharau anayechagua picha nzuri. Skrini ya 4K ina pikseli zaidi ya milioni 8.2, mara nne ya zile za skrini ya 1080p, yenye ubora wa chini yake, na konsoli inayolazimika kukamilisha kila fremu kwa nusu ya muda lazima iache kitu fulani: ama idadi ya pikseli, ama vivuli, ama ule ufuatiliaji wa miale ya mwanga unaofanya madimbwi na vioo kuakisi kama vya kweli. Mwaka 2009 studio ya Insomniac Games ya Marekani, ambayo michezo yake ya Ratchet & Clank ilikuwa imezoeleka kwa fremu 60, ilieleza hadharani kwamba *A Crack in Time* huenda ukawa mchezo wake wa mwisho wa kasi hiyo, kwa kuwa haikuona kwamba fremu nyingi zinaongeza mauzo wala alama za wahakiki, ilhali picha nzuri zinathaminiwa waziwazi. Hesabu yao haikuwa ya kipumbavu. Mwaka 2023 *Tears of the Kingdom* wa Nintendo uliuza zaidi ya nakala milioni 10 katika siku tatu za kwanza, nao ulikuwa ukienda kwa fremu 30. Kilichobadilika ni kwamba mwaka 2009 studio ilimchagulia mchezaji, lakini mwaka 2021 studio hiyohiyo ilipotoa *Rift Apart* kwenye PlayStation 5 ilimwachia achague mwenyewe kati ya picha zilizosheheni na fremu 60.

Kwa ugomvi wenu, basi, ushauri wangu ni huu. Mashindano ya magari, kandanda, ngumi na michezo ya kulenga shabaha chezeni kwa fremu 60 bila mjadala. Katika michezo ya ngumi hakuna hata nafasi ya hiari, kwani mapigo yenyewe hupimwa kwa fremu, na wachezaji wa mashindano hukariri kwamba pigo fulani huchukua fremu nne na lingine saba kama wanafunzi wanavyokariri jedwali la kuzidisha. Michezo ya kutembea polepole katika mandhari, au ya kucheza kwa zamu, mwachie kaka yako achague, na usimnung'unikie.

Mhariri Mpendwa,
*Mchezo ninaoucheza umeandikwa kwamba unakwenda kwa fremu 60, na nimechagua hali ya utendaji kama mnavyoshauri kila mara, lakini bado unakwamakwama, hasa ninapoingia mjini au milipuko inapokuwa mingi. Rafiki yangu anacheza mchezo mwingine wa fremu 30 na wake unaonekana laini kuliko wangu. Je, konsoli yangu ni mbovu?*
*Mwenye Mashaka*

Ndugu Mwenye Mashaka, konsoli yako haina ubovu. Namba inayoandikwa ni lengo au wastani, na wastani huficha mengi. Runinga ya kawaida huibadilisha skrini mara 60 kwa sekunde, kwa mpigo usiobadilika kama wa saa ya ukutani. Picha ikikamilika ndani ya milisekunde 16.7, huingia kwenye mpigo wake. Ikichukua milisekunde 18, ni kama abiria aliyeachwa na basi kwa hatua moja tu, wala halifukuzi. Husubiri linalofuata, na wakati huo runinga huirudia picha ya zamani. Kwa hiyo mchezo unaotoa fremu 50 kwa sekunde hauonekani kama asilimia 83 ya ulaini wa 60. Picha nyingine hukaa mpigo mmoja, nyingine miwili, bila mpangilio wowote, na jicho hulichukia jambo hilo kuliko linavyouchukia mwendo wa polepole uliotulia. Mchezo wa rafiki yako humpa kila picha mipigo miwili kamili, daima, na ndiyo sababu unaonekana umetulia.

Hata kufikia wastani wa 30 hakutoshi iwapo mgawanyo wake ni mbaya. *Bloodborne* wa mwaka 2015, mchezo ambao mimi binafsi nauheshimu sana, ulilaumiwa kwa kasoro hii hasa: ulikuwa ukitoa fremu zake 30 ndani ya sekunde, lakini nyingine ziliwahi na nyingine zilichelewa, kwa hiyo ukaonekana kuchechemea ilhali hesabu ilikuwa imetimia.

Zipo tiba mbili za kweli. Ya kwanza ni runinga yenye kiwango badilifu, yaani ile inayoweza kuisubiri konsoli na kuonyesha picha wakati inapokuwa tayari badala ya kuilazimisha ifuate mpigo wa runinga. Xbox Series X ilikuwa na uwezo huo tangu ilipotoka Novemba 2020, na PlayStation 5 ilipewa kwa sasisho la Aprili 2022. Kumbuka lakini kwamba kwenye PlayStation 5 uwezo huo hufanya kazi kati ya mipigo 48 na 120 kwa sekunde. Mchezo ukishuka chini ya hapo, kukwama hurudi, isipokuwa kama watengenezaji wameweka njia ya kuonyesha kila picha zaidi ya mara moja.

Ya pili ni fremu 40, nayo nitaieleza kidogo kwa sababu hesabu yake inapendeza. Ukitazama namba zenyewe, 40 iko karibu na 30 kuliko 60. Ukitazama muda, fremu ya 40 hudumu milisekunde 25, ambayo ni katikati kabisa ya 33.3 na 16.7. Aidha, runinga yenye mipigo 120 kwa sekunde inaweza kuipa kila fremu mipigo mitatu sawasawa, bila kuchechemea. Ndiyo maana *Rift Apart*, niliyoitaja katika jibu la kwanza, iliongezewa hali ya fremu 40 baada ya kutoka, na michezo mingine ikafuata njia hiyo. Kama runinga yako ni ya mipigo 60 pekee, hali hiyo haitakufaa, kwa kuwa 60 haigawanyiki kwa 40. Chagua fremu 30 zilizofungwa kwa mchezo huo mmoja unaokusumbua, hata kama hilo linapingana na ushauri tunaoutoa kila mara.

Shikamoo Mhariri,
*Baba yangu anasema michezo ya utotoni mwake ilikuwa laini kuliko ya leo, na konsoli zilikuwa dhaifu kabisa. Nadhani anatania. Inawezekanaje mashine yenye nguvu mara elfu ishindwe na ya zamani?*
*Mwana wa Mchezaji*

Marahaba mwanangu. Baba yako hatanii, ila kumbukumbu yake imechagua mazuri. Konsoli nyingi za michezo ya picha bapa zilifungamanishwa na mpigo wa runinga, na michezo mingi ilikwenda kwa fremu 60 kwa sababu mashine ilikuwa imeundwa kusogeza vipande vya picha vilivyokwisha kuandaliwa. Palipo na runinga za mfumo wa mipigo 50, kama Ulaya, mambo yalikuwa tofauti: *Sonic the Hedgehog* wa 1991 ulikwenda polepole kwa takriban sehemu moja ya sita, muziki wake ukiwemo, na watoto wengi walikua bila kujua kwamba kalunguyeye huyo, Sonic, alipaswa kuwa na kasi zaidi.

Michezo ya pande tatu ilipoingia, ulaini huo ulipotea. *Ocarina of Time* wa 1998, ambao hadi leo husifiwa kama moja ya michezo bora kuliko yote, ulikuwa ukienda kwa fremu 20. Mwaka huohuo, kwenye konsoli hiyohiyo ya Nintendo 64, *F-Zero X* ulikimbiza magari 30 kwa fremu 60, kwa kupunguza mapambo ya njia na magari hadi yakabaki karibu uchi. Hapo ndipo lilipo jibu la swali lako: kasi ya fremu ni uamuzi kabla ya kuwa nguvu za mashine. Mtengenezaji hupewa bajeti ya muda, naye huamua ataitumia kwa kitu gani. Mashine ikiongezewa nguvu maradufu, wapo watakaozitumia nguvu hizo kuongeza fremu, na wapo watakaoongeza majani kwenye miti.

Wakati mwingine kizuizi hakipo hata kwenye picha. Konsoli za mwaka 2013, PlayStation 4 na Xbox One, zilikuwa na vichakataji vya aina iliyobuniwa kwa vifaa vya kutumia umeme kidogo, na kichakataji ndicho hushughulikia akili za maadui, kanuni za fizikia na mienendo ya umati. Kazi hizo hazipungui ukipunguza pikseli. Hiyo ndiyo sababu mchezo wenye ulimwengu mpana na vitu vingi vinavyohesabiwa kwa pamoja unaweza kubaki kwenye 30 hata ukishusha picha. *Starfield* ulitoka mwaka 2023 kwa fremu 30 kwenye Xbox Series X, na mchezaji alipata uhuru wa kuchagua zaidi ya hapo kwa sasisho la Mei 2024.

Nikuongezee kisa kimoja cha kumsimulia baba yako. Katika *Space Invaders* ya 1978, wavamizi huongeza kasi kadiri wanavyopungua. Hilo halikuanza kama mbinu ya kutia hofu: mashine ilikuwa na vitu vingi mno vya kuchora mwanzoni, na kila mvamizi alipoangamizwa ikapata nafuu na kwenda haraka zaidi. Mbunifu wake, Tomohiro Nishikado, aliona kwamba mchezo unasisimua zaidi hivyo, akauacha. Lakini kufungamanisha kanuni za mchezo na fremu si jambo la baraka siku zote. Katika *Dark Souls II* wa 2014, silaha zilichakaa haraka zaidi kwenye kompyuta zilizokwenda kwa fremu 60 kuliko kwenye konsoli zilizokwenda kwa 30, kwa kuwa uchakavu ulikuwa ukihesabiwa kwa fremu badala ya kuhesabiwa kwa muda.

Ndugu Mhariri,
*Runinga yangu ina mpangilio wa kulainisha mwendo. Nikiuwasha, mchezo wa fremu 30 unaonekana kama wa 60. Je, si ni kitu kilekile bila gharama yoyote?*
*Mvumbuzi*

Si kitu kilekile, Ndugu Mvumbuzi, na gharama ipo. Runinga huchukua picha mbili na kubuni ya tatu ya kuweka katikati. Ili ibuni ya katikati lazima kwanza isubiri ya pili ifike, na kusubiri huko huongezwa juu ya ucheleweshaji uliokuwepo. Jicho lako limepewa zawadi ambayo mkono wako umeilipia. Zima mpangilio huo na uwashe hali ya michezo ya runinga, ambayo hufanya kinyume chake kwa kuondoa shughuli zisizo za lazima kati ya konsoli na skrini. Michezo kadhaa ya konsoli sasa hubuni fremu za ziada yenyewe, tena kwa ustadi mkubwa kuliko runinga kwa kuwa hujua kila kitu kinaelekea wapi, lakini fremu iliyobuniwa haisomi kitufe ulichobonyeza.

Mhariri,
*Wanangu wananiomba runinga yenye uwezo wa 120 kwa ajili ya konsoli yao. Mimi si mchezaji. Je, ni hitaji au ni tamaa?*
*Mama wa Wawili*

Mama, inategemea wanacheza nini, nawe unaweza kulijua hilo bila kujifunza michezo yenyewe. Waombe wakuonyeshe, katika mipangilio ya michezo mitatu wanayoicheza zaidi, mahali palipoandikwa 120 au 40. Wakikosa kupata hata mmoja, runinga mliyonayo inawatosha kwa sasa. Wakipata, waulize kama runinga ya sasa inayo hali ya michezo na kama imewashwa, kwani mara nyingi malalamiko huishia hapo. Na mkifikia kununua, hakikisha kwamba runinga inayo tundu la HDMI 2.1 (tundu la waya wa picha na sauti kutoka kwenye konsoli), kwamba 120 iliyoandikwa kwenye boksi ni mipigo halisi ya skrini na si jina la teknolojia ya kulainisha mwendo niliyomweleza Ndugu Mvumbuzi, na kwamba inakubali kiwango badilifu. Waya uliokuja na konsoli utumieni huohuo, kwa sababu waya wa zamani unaweza kuirudisha runinga mpya kwenye 60 bila mtu yeyote nyumbani kutambua.